Gitega: mji mkuu tunaoupita na mizigo bila kuutazama

Mfanyabiashara anayeingia Burundi kutoka Tanzania kupitia Kabanga na Kobero huwa na mambo matatu kichwani: mzigo, bei na muda. Akimaliza ya forodha anafika Muyinga, anashika njia ya Karuzi na kuteremkia Gitega. Anashusha, anahesabu fedha, anageuza. Muulize Gitega kuna nini, atakutajia soko na stendi.

Lakini mji huo una mambo ya kumfaa hata mtu wa biashara, na nusu siku inatosha kuyaona.

Gitega haikuanza kuwa makao makuu juzi. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia huko makao yao ya utawala kutoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Wabelgiji walipochukua nchi walirudisha ofisi kubwa ziwani, Gitega ikabaki mji wa mwami. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 Bujumbura iliendelea kuwa mji mkuu, hadi Januari 2019 sheria ilipoifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa na kuiachia Bujumbura shughuli za uchumi. Serikali ikapanda mlima, bandari ikabaki ziwani. Mwenye kutafuta kibali na mwenye kutafuta meli hawaendi tena mji mmoja.

Anza na Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1955. Ni madogo, huhitaji zaidi ya saa moja. Humo mna ngoma, silaha, vyombo vya nyumbani, picha za zamani na vikapu vya kufuma. Vitazame vikapu vizuri, kwa sababu vingine vya aina hiyo bado vinafumwa na kuuzwa. Anayejua kikapu kipi kilibebea zawadi ya harusi na kipi kiliwekea nafaka atamweleza mteja wa Mwanza au Nairobi anachonunua, na bei yake haitakuwa ya kubahatisha.

Kutoka mjini, kilomita chache tu, kuna Gishora, kilima cha ngoma za kifalme. Kinahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyepambana na Wajerumani mpaka mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na ufalme, na ukiwaona wapigaji wakiingia na ngoma vichwani utaelewa kwa nini. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu.

Hapo Gishora pana swali ambalo wafanyabiashara wa kike hawatakosa kuliuliza. Amri ya mwaka 2017 inasema kupiga ngoma hizo ni kazi ya wanaume. Wanawake wanaruhusiwa kucheza tu. Wapo wanaosema hivyo ndivyo mila ilivyokuwa. Wapo wanaokumbusha kwamba kabla ya amri hiyo vilikuwepo vikundi vya wanawake waliopiga, na watu wakashangilia. Mama anayevusha magunia mpakani, akalisha nyumba na kusomesha watoto, ana haki ya kuwa na maoni yake.

Historia ya Gitega ina machungu pia. Hapa ndipo Ntare wa Tano, mwami wa mwisho, aliuawa Aprili 1972. Kwenye barabara ya Bujumbura, pale Kibimba, kuna kumbukumbu ya wanafunzi waliochomwa moto Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Kaskazini, upande wa Bugendana na Mutaho, leo utaona kahawa, migomba na maharage kila kilima. Julai 1996, katika kambi ya waliohama makwao huko Bugendana, waliuawa watu zaidi ya 300. Miaka ile hakuna aliyepeleka mzigo Mutaho akiwa na uhakika wa kurudi.

Leo unapakia maharage huko na kurudi salama, na watu wanakusalimu "Amahoro", yaani amani. Mtu wa biashara ana sababu ya kulijali neno hilo kuliko wengi: barabara ikifungwa, yeye ndiye wa kwanza kupoteza mtaji.

Kwa atakayetaka kusimama safari ijayo, zingatia haya. Saa za Burundi ziko nyuma ya za Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja, na magari huendeshwa upande wa kulia. Jumamosi asubuhi ni muda wa kazi za pamoja za jamii. Maduka hufungwa na magari hupungua barabarani, basi usiipange safari wakati huo. Kiswahili kitakutosha sokoni Muyinga na Gitega, lakini vilimani Mutaho jifunze walau salamu za Kirundi.

Ukiona kitu cha kununua, kumbuka kuwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa pale pale mpakani. Uliza kama vikapu unavyochukua vimo kwenye orodha kabla hujalipa.

Na mpango mzuri ni huu: fika Gitega jioni, lala, asubuhi nenda makumbusho na Gishora, mchana pakia. Utakuwa umechelewa nusu siku, lakini utaujua mji unaoufanyia biashara.