Mskoti aliyeifungia Chelsea bao la kwanza

Septemba 9, 1905, mjini Blackpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, John Tait Robertson alifunga bao pekee la mchezo. Hilo ndilo lililokuwa bao la kwanza la Chelsea katika mashindano rasmi. Mfungaji, raia wa Uskoti, alikuwa pia meneja wa timu hiyo, iliyokuwa na umri wa miezi 6 tu.

Uwanja uliotafuta timu

Kwa kawaida klabu huanza na wachezaji, kisha hutafuta uwanja. Chelsea ilianza kinyume. Mfanyabiashara Gus Mears alikuwa na uwanja wa Stamford Bridge, magharibi mwa London, na majirani zake, Fulham, walikataa kuhamia hapo. Machi 1905 Mears akaamua kuunda klabu yake. Msanifu aliyeuchora uwanja huo upya, Archibald Leitch, alitoka Glasgow, Uskoti.

Mei mwaka huo klabu ilikubaliwa kuingia ligi daraja la pili, ingawa haikuwa imecheza hata mechi moja. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kupata timu.

Kwa nini Mskoti?

Katika miaka ya 1870, Waingereza wengi walipokuwa wakipenda kukimbia na mpira mguuni mmoja mmoja, Waskoti walijizoeza kupasiana. Uingereza iliruhusu soka ya kulipwa mwaka 1885, Uskoti ikafuata mwaka 1893. Katika pengo hilo la miaka 8, wachezaji wengi walivuka mpaka kwenda kusini kutafuta riziki, na njia hiyo haikufungwa baadaye.

Robertson, mzaliwa wa Dumbarton, alikuwa kiungo aliyetwaa ubingwa wa Uskoti mara 3 akiwa na Rangers na kuichezea timu ya taifa mara 16. Alikuwa amewahi pia kuzichezea Everton na Southampton, kwa hiyo aliifahamu soka ya nchi zote mbili.

Tangu mwaka 1901, kanuni za Uingereza zilizuia mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Klabu changa haikuweza kuwashinda wapinzani wake kwa mishahara minono. Ilichoweza kumpa Robertson, mwenye umri wa miaka 28, ni madaraka: acheze, na aunde kikosi chake.

Msimu wenyewe

Miongoni mwa waliosajiliwa walikuwemo Waskoti David Copeland na Bob McRoberts, pamoja na mlinda mlango William Foulke, bonge la mtu aliyezidi kilo 130, ambaye alifanywa nahodha.

Mechi ya kwanza, dhidi ya Stockport, ilipotea kwa bao 1-0. Baada ya ushindi wa Blackpool, Hull City walifungwa 5-1 katika mechi ya kwanza ya ligi Stamford Bridge.

Novemba, ratiba iliipa Chelsea mechi mbili siku moja, ya ligi na ya Kombe la FA. Kikosi cha kwanza kikapelekwa kwenye ligi, na wachezaji wa akiba wakachapwa 7-1 na Crystal Palace. Baada ya hapo wasimamizi wa soka waliweka kanuni ya kuzitaka klabu zitumie kikosi bora katika kombe.

Aprili 1906, watu wapatao 67,000 walishuhudia sare ya 1-1 dhidi ya Manchester United. Chelsea ilimaliza ya 3 kwa alama 53, huku Bristol City na United zikipanda daraja.

Aliyepanda na aliyevuna

Robertson aliondoka mwishoni mwa 1906 kwenda Glossop. Miezi michache baadaye, mwaka 1907, Chelsea ilipanda daraja la kwanza bila yeye. Mwaka huo huo ilimwajiri Mskoti mwingine, David Calderhead, aliyeiongoza hadi 1933.

Mwaka 1911 Robertson alikwenda kuifundisha MTK ya Budapest, Hungary. Huko alifundisha mchezo wa pasi kabla ya Mwingereza Jimmy Hogan, ambaye ndiye hutajwa zaidi. Kwa hiyo mtu aliyekaa Chelsea kwa muda mfupi tu aliacha msingi katika miji miwili, London na Budapest, na katika yote miwili sifa ziliwaendea waliomfuata.