Studio ya Nyumbani: Anayenunua Ala za Kompyuta Asome Leseni Kwanza

Chumba kimoja cha nyumba ya kawaida katika Kata ya Kihonda, Manispaa ya Morogoro, kinaweza leo kufanya kazi ambayo miaka hamsini iliyopita ilihitaji bendi nzima na mafundi mitambo. Kompyuta mpakato, kipaza sauti, hedifoni na programu chache vinatosha kutengeneza biti ya Bongo Fleva, kuandaa albamu ya kwaya au kurekodi kaswida. Kinanda, gitaa, ngoma na hata okestra kamili hupatikana ndani ya kompyuta kama programu.

Urahisi huo umeleta maswali mapya kwa vijana na vikundi vinavyotaka kuanzisha studio nyumbani: kipi kinunuliwe, kwa gharama gani, na mnunuzi anapata nini hasa baada ya kulipa? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu anayelipia ala ya kompyuta hanunui ala yenyewe. Ananunua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Masharti hayo huchangia kuamua iwapo wimbo utakaotengenezwa utaweza kuuzwa bila mgogoro na kutetewa na mtunzi wake.

Historia ya muziki wa dansi, ambao Morogoro ilikuwa moja ya ngome zake, inaonesha uzito wa suala hilo. Mji huo ulitoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, bendi aliyong'ara nayo Mbaraka Mwinshehe kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Katika enzi hiyo vyombo vya bendi nyingi nchini vilikuwa mali ya mwenye bendi au taasisi iliyoimiliki, na mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na kipaji chake tu. Studio ya nyumbani imempa kijana nafasi ya kuwa na ala zake. Hata hivyo, asiposoma masharti anaweza kurudi katika hali ileile: kazi ni yake, lakini ufunguo wa ala uko mikononi mwa mwingine.

Ala ya kompyuta ni nini

Ala ya kompyuta ni programu inayotoa sauti pale mtumiaji anapobonyeza vitufe vya kibodi ya muziki au kuandika noti kwenye skrini. Zipo aina kuu mbili. Ya kwanza hutumia sampuli, yaani sauti za ala halisi zilizorekodiwa noti kwa noti. Ya pili huunda sauti kwa hesabu za kompyuta bila kurekodi ala yoyote. Aina ya kwanza huchukua nafasi kubwa kwenye diski, ilhali ya pili kwa kawaida huwa nyepesi kwa diski lakini huweza kukichosha kichakato cha kompyuta.

Ala nyingi hufanya kazi ndani ya programu kuu ya kutengenezea muziki, kama vile FL Studio, Cubase, Reaper, Ableton Live au Logic Pro. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilianzisha mfumo wa VST unaoziwezesha programu za kampuni tofauti kufanya kazi pamoja, na mwaka 1999 mfumo huo ukapanuliwa ili upokee pia ala. Kwa kompyuta za Apple upo mfumo mwingine uitwao AU, ambao ndio unaotumiwa na Logic Pro. Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuhakiki kabla ya kulipa ni iwapo ala inakubaliana na programu kuu pamoja na aina ya kompyuta iliyopo.

Anza na kazi, kisha kompyuta

Mnunuzi anashauriwa kuandika kwanza kazi anayotaka kuifanya, kwani mahitaji ya mtengeneza biti si mahitaji ya kwaya. Toleo la bei ya chini la FL Studio, liitwalo Fruity, humfaa anayepanga biti kwa ala za ndani ya kompyuta, lakini halina uwezo kamili wa kurekodi sauti za waimbaji. Kiongozi wa kwaya atakayelinunua kwa kuvutiwa na bei atalazimika kulipa tena ili apate toleo la juu. Kwa upande mwingine, kampuni hiyo huwapa wateja wake masasisho ya baadaye bila malipo ya ziada, jambo lenye manufaa kwa mwenye kipato kidogo.

Uwezo wa kompyuta nao upimwe. Mkusanyo wa ala za okestra wa BBC Symphony Orchestra kutoka kampuni ya Spitfire Audio ni mfano mzuri. Toleo lake dogo, Discover, lina takriban megabaiti 200, wakati toleo kubwa, Professional, linazidi gigabaiti 500. La kwanza linapakuliwa kwa kifurushi kidogo cha intaneti. La pili linahitaji diski kubwa, intaneti ya uhakika na gharama ya data ambayo haionekani kwenye bei iliyotangazwa.

Jambo jingine ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya kubonyeza kitufe na kusikia sauti. Kompyuta ikipangwa kushughulikia sampuli 256 kwa mkupuo, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, mkupuo mmoja huchukua takriban milisekunde 5.8. Ukiwa wa sampuli 1,024 muda huo hufika takriban milisekunde 23, na mpigaji huanza kuhisi kuwa kinanda kinamfuata nyuma. Kadi ya sauti ya nje yenye programu yake maalumu husaidia kupunguza tatizo hili. Kwa sababu hiyo, kadi nzuri ya sauti huweza kuwa na manufaa zaidi kwa anayeanza kuliko ala ya gharama kubwa.

Programu halali za bure

Anayeanza hana sababu ya kutumia fedha nyingi. LMMS na Ardour ni programu kuu huria. Surge XT na Vital ni ala za kuunda sauti ambazo zina matoleo ya bure. Reaper huruhusu majaribio ya siku 60 yenye uwezo wote. FL Studio pia ina toleo la majaribio, lakini mtumiaji hawezi kufungua tena kazi aliyoihifadhi humo hadi anunue leseni. Tofauti hizo ndogo zikijulikana mapema, mtu hatapoteza kazi ya wiki nzima.

Decent Sampler, ambayo nayo ni ya bure, humwezesha mtumiaji kutengeneza ala kutokana na sauti alizorekodi mwenyewe. Kwa mkazi wa Morogoro, hiyo ni fursa ya kurekodi ngoma na zana nyingine za asili za jamii za Milima ya Uluguru, badala ya kutegemea sauti zilezile zinazotumiwa na watengenezaji wa muziki duniani kote. Fursa hiyo ina wajibu wake. Wapigaji wanapaswa kutoa ridhaa na kukubaliana kuhusu malipo. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi, hivyo anayekusudia kuzitumia kibiashara nje ya muktadha wake wa asili aulize kwanza Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Masharti yanayopaswa kusomwa

Baada ya kujaribu, mnunuzi asome leseni kabla ya kutoa kadi ya malipo. Yapo mambo matano ya kutafuta.

Kwanza, iwapo leseni ni ya kudumu au ya kulipia kila mwezi. Kwa leseni ya mwezi, malipo yakikoma programu inaweza kufungwa, na nyimbo zilizotengenezwa kwa ala hiyo zisisikike ipasavyo zinapofunguliwa upya.

Pili, iwapo leseni inaruhusu biashara. Leseni nyingine za bei nafuu ni za wanafunzi au za matumizi binafsi. Leseni ya Reaper ya dola 60 za Marekani, kwa mfano, ni ya mtu binafsi au ya biashara yenye mapato ghafi yasiyozidi dola 20,000 kwa mwaka. Anayevuka kiwango hicho hulipa dola 225.

Tatu, idadi ya kompyuta zinazoruhusiwa, na utaratibu wa kuhamisha leseni endapo kompyuta itaharibika, kuibiwa au kuuzwa.

Nne, iwapo ala inahitaji programu nyingine ya kulipia. Baadhi ya mikusanyo ya sauti hutengenezwa kwa ajili ya Kontakt kamili. Ikifunguliwa kwa Kontakt Player, ambayo ni ya bure, hufanya kazi kwa dakika 15 kisha husimama. Mnunuzi asiyejua hilo hudhani ameuziwa kitu kibovu.

Tano, masharti ya vipande vya sauti vilivyotengenezwa tayari. Vipande hivyo huuzwa kwa maelfu ya watu, na anayevinunua huruhusiwa kuvitumia kwenye wimbo bila kuwa mmiliki pekee. Mfumo wa YouTube wa kutambua wenye haki haukubali madai ya upekee juu ya sauti za namna hiyo, na anayezidai kama zake peke yake huweza kuingia katika mgogoro na msanii wa nchi nyingine aliyenunua kipande hichohicho.

Bei, kodi na malipo

Bei inayoonekana kwenye tovuti si lazima iwe ndiyo itakayokatwa. Huduma za kielektroniki zinazotolewa na wauzaji wa nje kwa watumiaji walioko nchini huangukia katika Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kodi hiyo inapoongezwa, programu ya dola 60 hugharimu zaidi ya bei hiyo. Gharama ya kubadilisha fedha nayo huongezwa kulingana na utaratibu wa benki. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya kampuni za simu na benki, akiweka humo kiasi cha manunuzi tu ili kupunguza hasara endapo taarifa za kadi zitaibiwa.

Kampuni nyingi hupunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, hususan mwishoni mwa Novemba. Kusubiri punguzo halali ni njia bora ya kubana matumizi, mradi mnunuzi aingie kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe au wakala anayetambuliwa naye. Kwa vifaa vinavyonunuliwa dukani, kama vile kipaza sauti na kadi ya sauti, mnunuzi adai risiti ya kielektroniki na kuitunza. Anayebaini kuwa ameuziwa bidhaa bandia anaweza kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Hatari ya programu zilizochakachuliwa

Njia ya mkato inayowavutia wengi ni kunakiliwa programu iliyovunjwa ulinzi wake, maarufu kama kreki, kwenye diski mweko au kuipakua mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, sawa na maandishi mengine. Vilevile, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 24, inakataza kukiuka haki miliki kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Anayewawekea wengine programu hizo kwa malipo naye anajiweka hatarini.

Mbali na sheria, programu hizo huweza kubeba virusi vinavyoiba nywila au kufunga mafaili yote. Hazina masasisho wala msaada wa mtengenezaji, na huweza kugoma siku ya kukabidhi kazi. Zaidi ya hayo, kampuni ya filamu au matangazo inayotaka kutumia wimbo inaweza kumtaka mtengenezaji athibitishe kuwa ana haki ya kila sauti iliyomo. Asiye na leseni hatakuwa na cha kuonesha, hata kama wimbo wenyewe ameutunga kwa jasho lake.

Kulinda kazi iliyokamilika

Ni vyema kila studio iwe na jalada moja lenye risiti, barua pepe za leseni, namba za usajili wa programu na makubaliano ya maandishi kati ya mtengenezaji na msanii kuhusu umiliki wa biti na mgawanyo wa mapato. Nakala za jalada hilo na za mafaili ya nyimbo zihifadhiwe katika diski ya nje. Kila ala katika wimbo ihifadhiwe pia kama faili la sauti, ili wimbo uendelee kufunguka hata leseni ikikoma au kompyuta ikibadilishwa.

Haki ya mtunzi huanza pale kazi inapotungwa. Hata hivyo, kuisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humpa mtunzi ushahidi unaomsaidia panapotokea mgogoro. Kwa wanaohitaji mtaji, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wadau wa sekta hiyo, na orodha ya vifaa yenye bei kamili na leseni halali ni mwanzo mzuri wa maandalizi ya maombi.

Wananchi wanaokusudia kuanzisha studio za nyumbani wanashauriwa kuanza na programu za bure zilizo halali, kununua kitu kimoja kwa wakati kulingana na kazi iliyopo, na kusoma leseni kabla ya kulipa. Kompyuta itazeeka na programu zitabadilika, lakini wimbo wenye nyaraka zake kamili utaendelea kumlipa aliyeutunga.