Munganga Anakataa Kukutuma kwa Skaneri: Utamwambia Nini?

Pengine wewe pia umekwisha kuketi mbele ya meza ya munganga, kofia mkononi, ukasikia neno hili: «Hiyo skaneri haina lazima.» Ukatoka kimya. Kufika nyumbani wakakuuliza: «Alisema nini?» Nawe hukuwa na jibu.

Sikiliza habari ya ndugu mmoja, mchimba zahabu wa Kamituga. Jiwe lilimwangukia kichwani ndani ya shimo. Alizimia kidogo, akaamka, akacheka na wenzake, na kesho yake akarudi kazini. Juma la tatu kichwa kikaanza kumuuma, zaidi asubuhi. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya malaria. Hakupona. Akaenda kwa munganga, akasema tu: «Kichwa kinaniuma, nataka skaneri.» Munganga akaona mtu anatembea, anasema vizuri, hana homa. Akamwandikia dawa ya maumivu. Tusimhukumu upesi: watu wanaokuja na maumivu ya kichwa, wengi sana hawana kitu ambacho skaneri ingeonyesha.

Aliyemwokoa ni bibi yake, mmoja wa wale wamama wenye kutwanga mawe. Alichukua kaye ya mtoto, akaandika: siku ya jiwe, siku kichwa kilipoanza, siku alipotapika, siku mbili ambazo kikombe kilimponyoka mkono wa kuume, siku alipomwita mtoto kwa jina la mwingine. Wakarudi. Mama hakupiga makelele. Alisema: «Munganga, kuna jambo hatukukuambia. Jiwe lilimupiga. Na ule mukono unaanza kulegea.»

Munganga akaweka kalamu chini. Akamwambia mgonjwa anyooshe mikono yote miwili mbele na kufunga macho. Mkono wa kuume ukashuka polepole. Siku ile ile akaandika karatasi ya transferi kwenda Bukavu. Skaneri ikaonyesha damu imekusanyika kati ya fuvu na ubongo; damu ya namna hii huvuja polepole, majuma mazima. Walitoboa fuvu, wakaitoa.

Umeona tofauti? Mara ya kwanza aliomba mashine. Mara ya pili walileta habari, na tarehe zake. Sisi watu wa mgodi tunaamini mashine kupita mikono ya mtu, lakini mashine hii si ya zamani sana: mgonjwa wa kwanza aliingizwa ndani yake London, mwaka 1971. Hounsfield aliyeitengeneza na Cormack aliyefanya hesabu zake walipewa tuzo la Nobel mwaka 1979. Mpaka leo ni maneno ya mgonjwa yanayomwonyesha munganga mahali pa kutafuta.

Basi uliza hivi, kwa heshima: «Munganga, wewe unafikiri ni ugonjwa gani? Ni nini kingine kinaweza kuwa? Skaneri ikionyesha kitu, matunzo yatabadilika?» Kama hayatabadilika, usiuze mbuzi wako. Tena miale yake si mchezo: skaneri moja ya tumbo ina miale kupita radio mia moja za kifua. Mama, ukiwa na mimba, ama ukidhani unayo, sema kabla ya yote.

Ekografi haina miale hiyo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mama mjamzito apate moja kabla ya juma la 24. Hiyo iombe bila haya. Ukikohoa kupita majuma mawili, omba kwanza makohozi yapimwe, na radio ya kifua. Wabeba mifuko wenye kuumwa mgongo, wengi hupona kwa majuma machache bila picha yoyote. Lakini miguu ikilegea, mkojo ukikataa kutoka ama ukitoka wenyewe, ama ukikonda na kuwa na homa, usikubali kurudishwa na vidonge tu: kifua kikuu huingia hata katika mifupa ya mgongo.

Akiendelea kukataa? Mwombe aandike sababu ndani ya fishi yako, na dalili ambazo ukiziona utarudi bila kungoja. Sijaona munganga mwema aliyekasirikia ombi hilo. Ukitaka kuona munganga wa pili, nenda na fishi ile ile, usiifiche.

Na usiruke ngazi. Kituo cha afya, hospitali kuu ya zone, ndipo Bukavu, iwe Hospitali Kuu ya Jimbo ama Panzi. Kama unalipa mituweli, uliza mapema kama wanadai karatasi ya transferi. Pasipo hiyo unaweza kujikuta unalipa yote peke yako. Kutoka Kamituga ni karibu kilometa 180 za matope, na tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025 safari imezidi kuwa ngumu. Piga simu kwanza: mashine inatembea? Bei gani? Ni kweli ya kuchekesha, lakini kuna watu walifika wakakuta mashine imekufa tangu juma lililopita.

Yule ndugu wa Kamituga anatembea, ingawa hashuki tena shimoni. Kaye ile bibi yake alikataa kuirudisha. Mtoto alinunuliwa ingine.