Kopo si kilo: tuchunge kipimo cha Zakaatul-Fitri

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, kila Ramadhani inapokaribia kumalizika, swali moja hurudi majumbani: Zakaatul-Fitri ni kilo ngapi? Mmoja ameambiwa kilo 2 na robo, mwingine 2 na nusu, mwingine 3. Sababu ya tofauti hiyo ni nyepesi. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alifaradhisha pishi moja ya tende au ya shayiri. Pishi, yaani swaa, ni vibaba vinne, na kibaba ni chombo cha kujaza, wala si jiwe la mizani. Chombo hupima nafasi, mizani hupima uzito.

Wanazuoni walilichunga jambo hili mapema. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alikuwa akishika kauli ya kuwa swaa ni ratili 8. Alipofika Madina kwa Imamu Malik, akaletewa vyombo ambavyo watu wa mji ule walivirithi kwa wazazi wao. Akavipima, akakuta ratili 5 na theluthi, naye akaiacha kauli ya mwalimu wake. Katika zama zetu, marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikadiria swaa kuwa takriban lita 2 na robo tatu, sawa na gramu 2,176 za ngano. Mchele katika chombo hicho hukaribia kilo 2 na robo. Wanaotaja kilo 2 na nusu au 3 hutaka kutoka katika shaka.

Tatizo huja pale kopo la mchele linapotumika kupimia unga. Nafaka ikisagwa huvimba kwa hewa. Kikombe cha mililita 250 hubeba takriban gramu 200 za mchele, lakini unga wa ngano uliochekechwa ni gramu 120 hadi 130 tu. Ukishindiliwa hufika 150 au zaidi. Mama anayeumua maandazi analijua hili: kikombe kilekile, leo donge laini, kesho gumu. Basi pishi ya unga huwa kama kilo 1 na nusu, pungufu ya pishi ya ngano kwa karibu theluthi. Nyumba ya watu saba itakuwa imempunja maskini zaidi ya kilo 4.

Kwa sababu hiyo, wanazuoni wa Kihanbali walioruhusu unga walisharutisha upimwe kwa uzito wa nafaka yake, si kwa kujaza chombo. Ama katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, unga hautoshelezi. Hutolewa nafaka yenyewe.

Sisi wa Ndandalo na Kyela nzima, nchi ya mpunga, tunalo somo jingine. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba nisabu ya zaka ya mazao ni wasaki 5, lakini mchele uliohifadhiwa na maganda yake ni wasaki 10, kwa kuwa ganda hujaza nafasi na halishibishi mtu. Basi pishi ya mpunga isihesabiwe kuwa pishi ya mchele.

Tufanye nini? Tuchukue kopo la nyumbani hadi dukani penye mizani ya kweli, tupime mchele kilo 2 na nusu, tuumimine, tutie alama unapoishia. Alama hiyo ni ya mchele peke yake. Kwa unga wa mapishi, tununue pakiti ya kilo moja, tuhesabu imejaza vikombe vingapi, tena tujaze kwa namna moja kila siku, bila kushindilia.

Na muuzaji akumbuke onyo la Suratul-Mutaffifin kwa wanaopunguza vipimo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.

Wallahu a'lam.