Mzee wa uongo ndani ya utafiti: hasara inaangukia wazee wa kweli

Mtu wa miaka 42 anasikia kama kuna utafiti juu ya wazee wa miaka 65 kwenda juu, na kila mwenye kujibu anapewa pesa kidogo. Anaandika kama ana miaka 67, anajibu, anapokea. Wengi wataona ni ujanja mdogo tu. Lakini mwenye kuulipia ni mzee wa kweli.

Tuseme utafiti ni juu ya ugonjwa wa kusahau. Mwulizaji anasoma maneno 10, na nyuma ya dakika chache anaomba mtu ayarudilie. Yule wa miaka 42 anakumbuka mengi. Wakiingia wengi kama yeye, hesabu itaonyesha kama mzee wa miaka 67 anapaswa kukumbuka vile. Kisha tate wa kweli, mwenye afya yake nzuri, anapimwa na kuambiwa akili imeanza kugonjwa. Na kama waongo wamejibu ovyo ovyo, mambo yanageuka: mgonjwa anaonekana mzima, na hatunzwi.

Udanganyifu huu umesumbua sana utafiti wa kwenye intaneti, kama kule Marekani, ambako washiriki wanapewa kadi za kununulia vitu. Wakati wa korona, toka 2020, tafiti nyingi ziliacha mahojiano ya uso kwa uso. Kumbe kwenye intaneti mtu mmoja anaweza kujiandikisha mara nyingi kwa majina tofauti, na kuna programu zenye kujaza fomu zenyewe.

Watafiti wanajikinga namna gani? Hawatangazi mapema umri wanaotafuta. Wanauliza umri mwanzoni, na mwaka wa kuzaliwa mwishoni, waone kama vinapatana. Wanaangalia kama majibu mengi yametoka kwenye mashine moja, ao yameingia kwa dakika moja. Wanapiga simu. Na pesa inatolewa nyuma ya kuhakikisha, si mbele.

Mashariki ya Congo kuna shida ingine: wazee wengi hawana karatasi ya kuzaliwa, na karte ya uchaguzi saa ingine ina mwaka wa kukadiria tu. Kumfukuza mzee juu hana karatasi, nayo ni kuharibu utafiti. Ndiyo maana watafiti wanatumia matukio yenye kila mtu anajua. Mama mwenye alikuwa tayari na mtoto siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, leo amepita miaka 75 bila shaka. Wanauliza pia umri wa mtoto wake wa kwanza, na majirani wenye walikomaa naye. Kwenda nyumba kwa nyumba kunasaidia: utafiti EPIDEMCA, wa 2011 na 2012 kule Congo-Brazzaville na Afrika ya Kati, ulifuata wazee wa miaka 65 na zaidi kwao.

Basi wachunguzi wakifika kwenye lupango, familia isiongeze wala kupunguza miaka. Kama mzee hajui mwaka wake, aseme hajui. Jibu hilo lina faida kuliko uongo. Asikilize maelezo yote mbele ya kukubali, na ana haki ya kukataa. Tena akumbuke: mtu mwenye kumwomba alipe ndipo aandikwe, huyo si mtafiti, ni mwizi.