Jinsia na Tathmini ya Wenza Miongoni mwa Wanafunzi wa Chuo Kikuu

Tathmini ya wenza ni utaratibu ambapo wanafunzi hupima kazi au uwezo wa wanafunzi wenzao. Katika vyuo vikuu, hutumiwa aghalabu katika kazi za makundi, mawasilisho na uhakiki wa insha. Manufaa yake ni bayana: mwanafunzi hujifunza kuhakiki na kuhakikiwa. Hata hivyo, mpimaji huweza kuja darasani na mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja bila yeye kujua. Makala hii inaeleza nafasi ya jinsia katika mwelemeo huo.

Mfano mwafaka ni utafiti wa Daniel Grunspan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la PLOS ONE. Wanafunzi takriban 1,700 wa madarasa matatu ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliombwa kuwataja wenzao waliodhani wanalielewa somo barabara. Majibu yao yalilinganishwa na alama halisi za waliotajwa. Ilibainika kwamba wanaume waliwapendelea wanaume. Ili mwanafunzi wa kike atajwe na wanaume sawasawa na mwenzake wa kiume, ilibidi amzidi kwa alama kwa kiasi kikubwa. Miongoni mwa wapimaji wa kike, upendeleo wa namna hiyo haukuonekana.

Yamkini msomaji atauliza: je, wanaume hawakutajwa zaidi kwa sababu huzungumza zaidi darasani? Watafiti walilizingatia swali hilo. Waliwataka wahadhiri waonyeshe ni wanafunzi gani waliojitokeza kuzungumza, wakaliingiza jambo hilo katika hesabu zao. Pengo halikutoweka.

Uzito wa suala hili ni kwamba sifa anayopewa mtu na wenzake humfungulia au kumfungia milango. Kwayo huamuliwa nani ataalikwa katika kundi la kujisomea na nani atakuwa kiongozi wake. Mwanafunzi asiyetambuliwa na wenzake huenda akaanza kuutilia shaka ujuzi alio nao. Aidha, pale ambapo wenza hutuzana alama zinazojumlishwa katika matokeo ya muhula, dhuluma huweza kufika hadi kwenye cheti.

Ni vyema kutahadhari. Utafiti huo ulihusu somo moja katika chuo kimoja, na ulipima sifa wala si alama walizotuzana wanafunzi. Hautoshi kuthibitisha kwamba hali ni hiyo hiyo katika kila idara. Unatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba kukaa darasa moja hakuhakikishi kuonana kwa jicho la haki.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Upatanisho wa ngeli ya A-WA haubainishi jinsia: sentensi “Amefafanua hoja zake vizuri” haifichui iwapo anayesifiwa ni mwanamke au mwanamume. Ni rahisi basi kudhani kwamba maoni yaliyoandikwa kwa Kiswahili yamesalimika. La hasha! Upendeleo haukai katika kiambishi, bali katika uteuzi wa maneno. Iwapo kazi mbili zinalingana, kisha mmoja akaambiwa “ana kipaji” na mwingine “ana bidii”, sarufi haijavunjwa ilhali haki imevunjwa.

Hatua za kupunguza mwelemeo huu si ngumu. Kwanza, insha zinaweza kuhakikiwa zikiwa na nambari badala ya majina. Pili, vigezo viandikwe kabla ya kazi kusomwa, na kila alama iambatane na ushahidi kutoka kwenye kazi yenyewe. Tatu, uongozi wa makundi uwe wa zamu. Nne, mhadhiri alinganishe alama za wenza na zake kabla ya kuzijumlisha. Katika mawasilisho ya ana kwa ana, ambako jina na sauti havifichiki, vigezo hivyo ndivyo kinga iliyosalia. Uhakiki ni taaluma ya kutoa sababu. Asiyeweza kutaja sababu ya alama aliyoituza hajahakiki bado.