Vumbi Lililomeza Nusu ya Mwanga wa Nyota

Katika galaksi kama yetu, vumbi ni takriban asilimia 1 tu ya maada iliyotanda baina ya nyota. Iliyobaki ni gesi. Punje zake ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikroni 1. Hata hivyo, kiasi hicho kidogo kimemeza karibu nusu ya mwanga ambao nyota zimetoa tangu ulimwengu uanze.

Nishati hiyo haipotei. Vumbi hupashwa joto na nyota changa, hasa kwa miale yao ya urujuanimno, kisha huitoa tena kama miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Anayehesabu nyota kwa mwanga wa kawaida peke yake hupata hesabu pungufu, na upungufu wenyewe si wa kupuuza.

Desemba 1995, darubini ya Hubble ilikazia kipande kimoja kidogo cha anga kwa siku 10 mfululizo. Ilipiga picha 342 na kunasa galaksi zipatazo 3,000. Mwaka 1998, darubini ya James Clerk Maxwell, yenye sahani ya mita 15 juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, ilielekezwa palepale, ikipokea mawimbi ya mikroni 850, yanayobeba mwanga huo wa vumbi. Ikaona vyanzo 5 tu. Kilichong'aa kuliko vyote, HDF 850.1, hakikuonekana kabisa katika picha ya Hubble! Umbali wake ulijulikana mwaka 2012, miaka 14 baadaye: mwanga wake uliondoka huko ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.1. Galaksi hiyo ilikuwa ikizaa nyota zenye uzito wa majua 850 hivi kila mwaka. Yetu huzaa za majua 2 hivi.

Vumbi halikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa kaboni na silikoni zake hupikwa ndani ya nyota. Lakini halikuchelewa: mwaka 2015 lilitangazwa kugunduliwa katika galaksi A1689-zD1, ya enzi ambayo ulimwengu ulikuwa na miaka milioni 700 tu. Miaka bilioni 10 iliyopita, nyota zilipokuwa zikizaliwa kwa kasi inayokaribia mara 10 ya leo, takriban sehemu 4 kati ya 5 za urujuanimno zilikuwa zikiishia kwenye vumbi.

Kuirejesha sehemu hiyo kwenye hesabu kunagharimu. Mvuke wa maji hewani huzuia mawimbi yatokayo kwenye vumbi, ndiyo maana antena 66 za darubini ya ALMA zimepandishwa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwa dola bilioni 1.4 hivi. Darubini ya infraredi ya James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021, ilikula takriban dola bilioni 10. Ni fedha nyingi, nami naziona halali: bila mitambo ya aina hii, historia ya kuzaliwa kwa nyota ingeandikwa huku galaksi zilizozaa kwa wingi kuliko zote zikiachwa nje.